Sare Ilimtosha Kufuli

Kufuli hakuwa mtu wa kushambulia, na wala hakuona haya kulisema hilo. Kwenye gemu ya mpira ya kwenye skrini aliwapanga mabeki watano nyuma na viungo wanne mbele yao, wamebanana hata sindano haipiti, halafu mbele kabisa akamwacha mtu mmoja tu mwenye mbio za kuchukiza. Wewe njoo, piga pasi zako, jione bingwa. Ukijisahau kidogo tu, mpira umenyang'anywa, pasi moja ndefu imepigwa, na yule mkimbiaji keshafika kwa kipa wako na wewe bado unatafuta mabeki wako wako wapi. Mafundi friji wenzake aliwaliza mmoja mmoja mpaka wakala kiapo hawachezi naye tena. Walisema kucheza na Kufuli ni kama kugonga mlango wa mtu aliyemo ndani, anakusikia, na hafungui makusudi.

Na tabia hii hakuzaliwa nayo. Zamani, Mama alipochoshwa na ngumi za wanawe wawili, aliweka sheria: ugomvi wowote unaishia kwenye skrini. Mechi moja, hakuna marudiano, hakuna kununa. Mshindi ndiye anayesikilizwa, na wakitoka sare, jambo linabaki kama lilivyokuwa. Kesi ya kwanza ilikuwa kitanda cha dirishani, na aliyekuwa akikilalia ni Kufuli. Mtoto yule alishtuka mapema kwamba asiyetaka kitu kibadilike hana haja ya kushinda. Asifungwe tu, basi. Akajifunza kutofungwa, na akakua nako hivyo hivyo.

Sasa Jumapili hiyo mchana, kesi iliyokuwa mezani ilikuwa Mama mwenyewe.

Mama aliishi na Kufuli ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilo na lifti, na magoti yalikuwa yamemgomea. Mara ya mwisho aliposhushwa kwenda kliniki, kupanda kurudi kulimtoa machozi hadharani, mbele ya majirani. Tangu hapo dunia yake ikawa sebule, jiko na dirisha. Dada yake mdogo Kufuli, mwalimu wa udereva ambaye hata nyumbani waliishia kumwita Mwalimu, alikuwa amepata nyumba ya chini, yenye kibaraza kinachotazama barabara. Alitaka Mama ahamie kwake. Kufuli hakutaka hata kusikia.

"Mama yuko vizuri hapa," alisema. "Anakula, analala, dawa nampa kwa mkono wangu. Muulize mwenyewe."

"Eti, Mama?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi popote nipo," Mama alijibu kutoka kwenye kochi lake, akivuta shuka mpaka chini ya miguu. "Msinitie katikati. Sheria mnaijua."

Kusema kweli, Kufuli aliogopa. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alikuwa na Mama wa kumuuliza jioni friji ya leo ilikuwa inaumwa nini. Akiondoka huyo, angefungua mlango amsalimie nani? Hofu hiyo hakumwambia mtu. Aliwasha mashine, akamrushia mdogo wake padi ya kuchezea, akakaa kitako roho yake imetulia. Yeye sare ilimtosha.

Mpira ukaanza, na Mwalimu hakufanya lolote.

Hebu fikiria. Huyu ndiye yule binti wa papara, ambaye zamani alikuwa akipeleka watu wote mbele, hata mabeki, halafu analia akifungwa. Leo kamiliki mpira na anaupitisha kwa mabeki wake, kulia, kushoto, kwa kipa, kulia tena, kana kwamba ana mwaka mzima.

"Unaogopa?" Kufuli alimchokoza. "Goli liko huku, mdogo wangu!"

"Naliona, kaka. Haliendi popote."

Kufuli akacheka. Aliwahi pia kuicheka ile kazi ya mdogo wake ya kukaa kutwa pembeni ya watu wanaozima gari katikati ya makutano, malori yanapiga honi nyuma, na yeye sauti haipandi: taratibu, kanyaga klachi, washa tena. Hakuwahi kujiuliza kazi ya namna hiyo inamjenga mtu vipi.

Mara akaunasa mpira. Haya! Pasi ndefu, mkimbiaji akachomoka, na Kufuli keshaanza kutabasamu. Kumbe wapi! Mabeki wawili wa Mwalimu walikuwa wamebaki pale pale muda wote, na kiungo mmoja mbele yao, hawakupanda hata hatua. Mmoja akamchelewesha mkimbiaji, mwenzake akaufagia mpira kama anaondoa takataka mlangoni. Kufuli akanasa tena, akapiga tena, yakawa yale yale. Ilipotokea mara nyingine kijasho chembamba kikaanza kumtoka. Silaha yake moja ilikuwa imeshachukuliwa, na aliyeichukua wala hakuonekana kujisifu.

"Leo kuna kazi," Mama akasema.

Kipindi cha pili ndipo Kufuli alipoanza kuona mambo. Mawinga wa Mwalimu walisimama kwenye chaki yenyewe ya pembeni, mmoja huku na mmoja kule, uwanja ukapanuka kama godoro lililofunguliwa kamba. Pasi zikaenda kushoto. Kushoto tena. Ukuta wa Kufuli ukasogea kushoto wote kwa pamoja, kama alivyoufundisha. Halafu mpira mmoja mrefu ukaruka kwenda kulia, na huko yupo winga peke yake, ana nyasi za kuchezea atakavyo. Kufuli akakimbiza watu wake roho mkononi, wakafika wakihema. Na Mwalimu, badala ya kupiga krosi, akaurudisha mpira nyuma, akaanza upya.

"Mbona hupigi?" Mama aliuliza, kajisahau kwamba hataki kutiwa katikati.

"Mabeki wake warefu, Mama. Krosi ya juu ni kumpa zawadi."

Loo! Miaka yote hiyo alikuwa ameutazama ukuta wake kutoka ndani. Leo aliuona kwa nje, na aliuona unapumua: unatanuka, unasinyaa, unatanuka, na pumzi zake ziko mikononi mwa mdogo wake. Hakuwahi kuona mtu akicheza namna ile. Alitamani kumwambia hivyo, ila alikuwa na mechi ya kulinda.

Kisha Mwalimu akapiga shuti la mbali. Kipa akalipangua. Akapiga jingine, likagonga mwamba, sauti yake ikamwingia Kufuli mpaka kwenye meno. Sasa alijua: akiwaacha watu wake ndani ya boksi, atapigwa mashuti mpaka moja litaingia. Akiwatoa, ataacha uwazi. Na wachezaji wa aina yake wote wanajua mwiko mmoja, hata yeye aliwahubiria wenzake kila siku: beki wa kati humgusi kwa kidole chako. Mwache mahali pake, ongoza kiungo. Siku utakayomtoa beki wa kati mwenyewe, ujue umefungua mlango kwa mkono wako.

Dakika zilikuwa zinakwisha. Kiungo wa Mwalimu akafika nje ya boksi, akasimama. Akaukanyaga mpira. Hakupiga, hakupasia, alisimama tu, mbele ya watu tisa, kama mtu anayengoja mvua ikatike. Kufuli akangoja. Yule naye akangoja. Kufuli alimtupia jicho mdogo wake na kuona uso mtulivu kabisa, uso wa mtu aliyekaa kando ya dereva aliyezima gari kwenye makutano, na malori yote ya dunia yanapiga honi nyuma yake.

Kidole cha Kufuli kikasogea.

Hatua moja tu, jamani. Beki wa kati akatoka kumfuata mwenye mpira, na kabla mguu haujatua Kufuli alikuwa ameshajua. Pasi ikapita pale pale alipokuwa beki. Winga akaingia kwa ndani, akaufikia mpira karibu na mstari wa goli, hakutazama hata kipa, akaurudisha nyuma chini chini, na hapo penye nukta ya penati akatokea mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimkaba. Kufuli alipaswa kuumia. Badala yake alibaki mdomo wazi, nywele zimemsimama, maana kitu kile kilikuwa kizuri, kizuri mno, na kilikuwa kimejengwa tangu dakika ya kwanza mbele ya macho yake asikione.

"Ingia! Ingiaaa!"

Sauti ile ilitoka kabla mpira haujavuka mstari. Na Mwalimu alikuwa amefunga mdomo.

Kufuli akageuka. Mama alikuwa ameinua mikono yote miwili, na mguu wake umepiga teke hewani kama ndiye mfungaji. "Aah, goti langu!" akapiga kelele, anacheka na kuugulia kwa pamoja. Shuka likaanguka chini. Miguuni alikuwa amevaa viatu. Si ndala za ndani. Vile viatu vyake vyeusi vya kutokea, vimefutwa vumbi vinang'aa.

Kicheko cha Mama kikakatika. Akajaribu kuliokota shuka, halikufikika.

"Mama," Kufuli alisema. "Umevaa viatu."

"Nimevijaribu tu. Vilikuwa vinakaa bure kabatini."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoingia kuoga."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mwanangu?" Mama alimtazama, midomo inamcheza. "Nikuache kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Moyo ulimuuma Kufuli, kisha ukamuuma zaidi alipofikiri ni mechi ngapi Mama alizokaa pale anamwangalia akilinda. Kwenye skrini watu wake walikuwa wamejipanga katikati ya uwanja wakisubiri aanze.

"Muda bado upo, kaka," Mwalimu alisema kwa upole. "Cheza."

Kufuli aliiweka padi sakafuni. "Unacheza vizuri wewe," alimwambia mdogo wake. "Sijapata kuona."

Akasogea mpaka kwenye kochi, akapiga magoti. Kiatu cha kulia kilikuwa kimefungwa. Cha kushoto mkanda wake ulikuwa unaning'inia, kwa sababu Mama hakuweza kuinama kiasi hicho. Kufuli akaushika, akaupitisha kwenye kishikizo chake polepole.

"Hakikubani?" aliuliza.

"Kaza kidogo," Mama alisema. "Ngazi ni nyingi."