Jina la Mamer, Ukurasa wa Tisini na Mbili

Julai 2013 nilikwenda ofisini siku tatu mfululizo kuomba kibali cha kutoka kambini Kakuma. Afisa aliniuliza naenda Lodwar kufanya nini. Nikamwambia naenda kutafuta jina la kaka yangu. Akaandika: matibabu.

Kaka yangu Mamer alikufa Novemba iliyotangulia. Alikuwa anarudi nyumbani Sudan Kusini, lori likapinduka ng'ambo ya Lokichoggio. Walimzika kando ya barabara, na mvua ya kwanza ikalisawazisha kaburi. Hakuacha mtoto. Aliacha wimbo mmoja, aliomtungia Majok, maksai wa baba yetu aliyeporwa wakati wa vita. Kwetu Wadinka, ukiimba wimbo wa mtu unamtaja mwenyewe kwanza. Usipomtaja, ni kama umemwibia ng'ombe.

Miaka miwili kabla, Daktari Amuria, mhadhiri kutoka Nairobi, alikuja kambini na kinasa sauti, akaurekodi wimbo huo. Sasa kitabu chake cha nyimbo za ng'ombe kilikuwa kimetoka, na wachapishaji wakatangaza mazungumzo na mwandishi katika ukumbi mmoja wa Kanamkemer, mtaa wa Lodwar.

Nilipofika, Nawoi, mhariri wa kitabu, alikuwa akimuuliza Daktari maswali. Mzee mmoja akadakia:

"Daktari, ulipita hapa mbio mpaka Kakuma. Ng'ombe wetu Waturkana ni bubu?"

"Mzee Lokeno, kitabu cha pili ni chenu."

"Cha pili! Hata kwenye foleni ya vitabu wakimbizi wako mbele!"

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mimi.

Kisha nikafungua kitabu kilichokuwa mezani. Ukurasa wa tisini na mbili, wimbo wa Mamer, mstari kwa mstari. Juu yake waliandika: Msimulizi wa 14, mwanamume.

Mazungumzo yalipoisha nikamfuata Daktari.

"Mimi ni Akon. Huyu wa kumi na nne ana jina."

"Najua, dada. Ni Mamer. Nilisikia habari zake. Pole sana."

"Kama unalijua, mbona hukuliandika?"

"Alikataa mwenyewe."

"Mamer? Mamer alikuwa anajitaja hata akienda kuomba chumvi kwa jirani!"

Hakukasirika. Alifungua kompyuta yake, akanionyesha fomu ya ridhaa. Ilikuwa na visanduku sita, vyote vimetiwa alama. Cha mwisho kilisema kwa Kiingereza: sitaki jina langu litajwe. Chini yake palikuwa na chapa ya kidole gumba cha Mamer.

Alama za visandukuni zilikuwa za wino wa kijani, zenye mkia mrefu. Zilikuwa zangu.

Mamer hakujua kusoma. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikawa najaza fomu za nusu ya mtaa wetu. Kambini, kisanduku ulichokiacha wazi ni kitu ulichokikataa: mafuta, sabuni, blanketi. Kwa hiyo nilikuwa natia alama zote, bila kusoma. Siku ile ya kurekodi, Mamer alisimama mlangoni na ndoo mbili. "Akon, weka zote twende, maji yatakatika." Nikaweka zote.

"Una lolote la kusema?" Daktari akauliza kwa upole. "Labda kikichapwa tena..."

Nawoi akatazama chini. "Dada, nisikudanganye. Vitabu vya namna hii havichapwi mara ya pili."

Akanipa nakala ya bure, na karatasi ya kuonyesha kwamba nimeipokea. Ilikuwa na visanduku viwili. Niliisoma neno kwa neno mpaka akachoka kusimama, akaketi.

Kakuma, mama yetu Ayak alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Nikamwonyesha ukurasa. Akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Jina lake liko wapi hapa?"

"Halipo, mama."

"Nani alilitoa?"

Nikamwambia ni Daktari. Mama alimlaani Daktari mpaka jioni, na majirani wakaja kumsaidia kulaani. Nilikaa katikati yao.