Alama Kumi na Moja za Syombua

Syombua alirudi Mutomo siku ya soko, saa nne asubuhi, akiwa na begi la shule na cheti chenye muhuri wa bluu kilichosema amepona. Mama yake, Kasiva, alikuwa kibandani kwake akipiga pasi marinda ya sketi za sare. Aliiweka pasi ya makaa kando, akamkumbatia, na alipomshika mikono akaziona alama.

Zilikuwa kumi na moja, saba mkono wa kushoto na nne wa kulia, zimezunguka vifundo kama bangili. Zilikuwa za kamba. Miezi mitatu nyuma Kasiva alikuwa amempeleka msichana huyo wa miaka kumi na sita kwenye kituo cha kurekebisha vijana kilichoitwa Njia Mpya, kando ya barabara ya Mombasa, karibu na Makindu. Syombua alikuwa ametafuna majani ya muguka yanayolevya mwaka mzima, akaingia kwenye bangi, akauza vitabu vyake vya shule. Pasta alikisifu kituo hicho, washirika wakachanga, naye Kasiva akatia sahihi fomu yenye kurasa sita bila kuusoma ukurasa wa nne, ule wa adhabu.

"Nani alikufunga?" aliuliza.

"Si wewe nitaambia, mwaitu," Syombua alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake tangu ajue kusema. "Nitaambia daktari."

Kesho yake walienda hospitali, na Kasiva akaachwa nje kwenye benchi. Syombua alimsimulia daktari Mutie kuhusu siku moja tu, ile aliyoomba maji katikati ya maombi akafungwa wima kwenye chuma cha dirisha hadi kulipokucha. Alipomaliza, alama moja iliondoka mkononi mwake ikaenda kukaa kwenye mkono wa Mutie, juu kidogo ya mkanda wa saa. Mutie aliitazama, akahesabu upya, akajaza fomu ya polisi: kumi.

"Zilikuwa kumi na moja," Kasiva alisema alipoitwa ndani.

"Moja niko nayo mimi. Fomu inataka za mgonjwa peke yake," daktari alijibu. "Akunywe maji mengi."

Tangu ashuke garini Syombua alikuwa hajafumba macho. Mchana huo alilala saa tano mfululizo kwenye mkeka, nyuma ya cherehani.

Katika kituo cha polisi, afisa wa dawati la watoto aliandika maelezo, akapata alama yake, akashusha mkono wa shati na kuwapa nambari ya ripoti. Wenzake walienda Njia Mpya wakakuta watoto wakiimba pambio na chakula kimo mezani. Walirudi wameridhika. Basi Kasiva akamchukua Syombua, akavuka mto Athi, akaingia Makueni na kwenda hadi Wote kumtafuta wakili.

Wakili Wariara alikuwa mzaliwa wa Nyeri, na kwa miaka tisa alikuwa na ofisi juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Alisikiliza kisa kimoja, akaitazama alama iliyotua mkononi mwake, akauinua mkono kumzuia.

"Komea hapo, Syombua. Nimesikia ya kutosha kuandika kesi. Hizo nane zimebaki, usiambie mtu. Hakimu akiziona kwa mwili wako, tuna kesi. Ukizigawa, tutabaki na maneno."

Kesi iliandikishwa Machi. Aprili hakimu alikuwa kwenye semina. Juni wakili wa kituo alikuwa mgonjwa. Agosti faili halikuonekana, na lilipoonekana lilikuwa katika kesi ya mtu aliyegombania ng'ombe.

Muda wote huo Syombua alizitunza zile nane. Alivaa mikono mirefu kwenye jua la Mutomo, akakaa na mikono mapajani kama aliyebeba mayai, na usingizi ukamkimbia tena. Shule hakwenda. Siku moja mwezi wa Septemba Kasiva alimkuta amesimama mbele ya kibanda cha muguka. Hakuwa amenunua. Alikuwa amesimama tu, na mwenye kibanda alikuwa akimngoja kwa adabu aamue.

Kasiva alimshika mkono wakatembea hadi walipopita posho mill ya kusaga mahindi.

"Ulikuwa unataka kununua?"

"Nilikuwa nafikiria, mwaitu. Hizi vitu ni nzito. Nikitafuna sizisikii."

Jioni hiyo Kasiva alimpigia wakili simu.

"Wakili, mimi nataka mtoto aongee."

"Mama Syombua, huo ndio ushahidi wetu wote."

"Najua. Lakini huyu mtoto si kabati ya korti."

Upande wa pili wa simu Kasiva alisikia karatasi zikipangwa.

"Ni mtoto wako," wakili alisema mwishowe. "Mimi nitapeleka kesi na chenye kitabaki."

Jumapili iliyofuata, ibada ilipoisha, Syombua aliketi na Pasta Mwangangi kwenye benchi la nyuma akamsimulia. Pasta alipokea alama yake, akabaki ameketi hadi vijana wakamaliza kukusanya viti. Tangu siku hiyo alihubiri amekunja mikono ya shati, ingawa Njia Mpya hakuitaja, kwa sababu bango la kituo hicho lilikuwa bado limetundikwa ukutani mwa kanisa.

Wengine walikuja wenyewe kibandani: mwalimu wa darasa, muuza maharagwe wa jirani, na wanawake watatu wa kwaya waliokuwa wamechanga. Kila mmoja alivuta kigoda, akasikia kisa kimoja, akaondoka na alama yake. Hakuna aliyekataa. Muuza maharagwe alilalamika tu kwamba yake huwasha mvua ikikaribia. Syombua alinenepa mashavu, akarudi shuleni, akawa anapita mbele ya kibanda cha muguka bila kupunguza mwendo.

Kesi ilisikilizwa Novemba. Syombua alikuwa amebaki na alama mbili. Alisimama kizimbani akasimulia siku waliyonyimwa chakula na kufungwa wanne kwa kamba moja, na alipofika mwisho alama ikahamia kwa hakimu. Hakimu aliivua saa yake, akaihamishia mkono wa pili, akaendelea kuandika. Mkurugenzi wa Njia Mpya alikuwa ameketi mstari wa mbele na alisikia kila neno. Hakuna alama iliyomwendea.

Mashahidi walionyesha mikono yao mmoja baada ya mwingine. Kisha akasimama wakili wa kituo, Gathua, mtu mpole.

"Mheshimiwa, hawa wote hawajawahi kulala kwa kituo cha mteja wangu. Alama zao haziwezi kuwa za kituo hicho. Na mlalamishi mwenyewe ana moja, ambayo inaweza kuwa ya bangili."

Hakimu alikubaliana naye. Alisema kwamba hata yeye, mwenye alama kama wao, hajawahi kulala huko. Kesi ikatupwa. Mkurugenzi alisalimiana na kila mtu, Kasiva pia. Mkono wake ulikuwa laini na safi.

"Tuna siku thelathini za kukata rufaa," Wariara alisema mlangoni.

"Tutaongea, wakili," Kasiva alijibu. "Kwanza nimpeleke akule."

Njiani kurudi, walipofika Makindu, waliingia hekalu la Kalasinga, watu wa dini ya Sikh, ambako msafiri hulishwa bila kuulizwa atokako. Walijifunga leso kichwani, wakaketi chini, wakapewa dengu na chapati. Syombua alikunja mkono wa sweta. Alama ya mwisho ilikuwa pale.

"Hadithi ya hii niliificha," alisema.

"Ni ya lini?"

"Ya siku ya kwanza. Ulipotoka kwa geti nilikuita."

"Nilisikia."

"Nikakuita mara tatu."

"Nne," Kasiva alisema. "Waliniambia nisigeuke."

Syombua aliirudisha chapati kwenye sinia.

"Hiyo ni yangu," mama yake akasema. "Nipe."

Basi Syombua akamsimulia: jinsi alivyoita, jinsi walivyosema anayeita mama bado hajakubali kupona, na jinsi kamba ilivyoletwa jua likiwa bado juu. Hakuharakisha. Alama ilivuka sinia ya dengu ikaingia mkononi mwa Kasiva, pana kuliko alivyodhani, na yenye joto. Kasiva aliishika kwa mkono wa pili. Pumzi aliyokuwa ameibana mwaka mzima ilishuka, na akajikuta ana njaa.

Nje, gari la Njia Mpya lilipita likielekea kituoni, limejaa watoto waliofunga shule, wakiimba pambio walilofundishwa njiani. Syombua alisikiliza mpaka wimbo ukapotea. Mzee wa hekalu alipofika na kikapu, Syombua alikinga mikono yote miwili, mitupu, akapokea chapati ya pili.