Sauti ya Cucu Kwenye Kisanduku

Simu ya Shiru ilikata roho Jumatano, aliporudi kutoka zamu ya usiku hospitalini. Aliichomeka kwenye chaji, akaibonyeza, akaipangusa kama anayebembeleza mtoto. Kioo kikabaki cheusi. Jioni alimpelekea fundi mmoja hapo Al Sadd, mtaa wao wa Doha, naye akaifungua, akaguna, akamrudishia akimshauri anunue nyingine.

Simu yenyewe haikumuuma. Kilichomuuma ni sauti za nyanya yake zilizokuwa ndani. Cucu alikuwa akimrekodia ujumbe kutoka Nyeri kila alipomaliza kukama, akimpa habari za ng'ombe na za majirani. Mwezi uliopita kiharusi kilimpiga, na tangu hapo maneno yake yalitoka vipande vipande. Sauti zile hazingepatikana tena kokote.

Ila nyumbani kulikuwa na kisanduku. Laban, mwanakwaya mwenzake aliyefanya kazi za kompyuta Lusail, ndiye aliyekifunga pale sebuleni. Kilikuwa cha kuhifadhia mafaili, kimeungana na wai-fai ya nyumba. Kila mchana Shiru alipolala, simu ikiwa kwenye chaji, ilipaswa kujinakili yenyewe humo. Njia nzima kutoka kwa fundi alijiambia, kisanduku kipo.

Kilikuwepo, lakini hakikuwa na hata taa moja. Swichi yake ukutani ilikuwa imezimwa.

Phoebe, aliyeishi naye, alikuwa jikoni akikata sukuma wiki, bado na sare yake ya hoteli. Shiru alisimama mlangoni; hakupenda kumuuliza mtu mkubwa swali lenye lawama.

"Dada, hii swichi ya sebuleni huzimwa na nani?"

"Si ni mimi? Kila asubuhi nikitoka, naiwasha tena jioni nikitaka runinga. Naacha friji peke yake." Phoebe aligeuka akamwona uso. "Kwani hiyo kitu hufanya nini?"

Shiru akamweleza. Kisu kikatulia. Kwa Phoebe, kule Kakamega, stima ilikuwa ya tokeni, umeme wa kununua kwanza ndipo utumie, na mtu aliyetoka nyumbani bila kuzima swichi alisemwa mpaka usiku. Doha stima ilikuwa ndani ya kodi, lakini mkono wake ulikuwa haujapata habari hiyo.

"Kwa hivyo nimemzima cucu wa watu," alisema polepole.

 Shiru akaenda akabonyeza swichi, kisanduku kikaanza kunguruma, na taa zikawaka moja moja. Alifungua kompyuta yake huku Phoebe amesimama nyuma yake.

Mafaili yalikuwamo. Siku nyingi zilirukwa, lakini zilizokuwepo zote zilikuwa Ijumaa, wiki baada ya wiki.

"Ijumaa tukitoka kanisani mimi siendi kazini," Phoebe alisema. "Nashinda hapa na runinga yangu. Sizimi kitu."

Doha ibada ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko, na Shiru alikuwa akilala ikiisha, simu ikichajiwa kando yake. Basi kila Ijumaa kisanduku kilikuwa kikimeza wiki nzima kwa mpigo. Kilichopotea ni picha tu za tangu Ijumaa iliyopita. Cucu wa kabla ya kiharusi alikuwemo mzima.

Akagusa ujumbe mmoja. Cucu alikuwa akisimulia kwa Kikuyu juu ya kuku aliyetagia kwenye kiti cha wageni, na mchungaji aliyekuja akakalia yai. Phoebe hakuelewa neno hata moja, akacheka mpaka akashika meza, kwa vile tu cucu mwenyewe alivyokuwa akicheka.

"Chukua simu yangu," alisema akijifuta macho. "Mpigie."

Shangazi yake aliyemtunza cucu alipokea, akaiweka simu kwenye sikio la cucu. Shiru akausogeza mdomo wa simu karibu na kompyuta, akaanzisha ujumbe ule tena. Kule Nyeri kulikuwa kimya kisa kilipofika kwenye kiti, na kimya mchungaji alipoingia. Yai lilipovunjika, cucu naye akacheka, kicheko chake kilekile kirefu, na hakikukatika mahali popote.