Hodi ya Tatu

Neno la kwanza lililowagombanisha Mbeyu na Mutinda lilikuwa refu kama kamba ya kuanikia nguo. Mbeyu alikuwa ameliandika kwa wino wa buluu na kulipigia mstari, na sasa alilisoma kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Kizuizi cha mawimbi ya nishati."

Mutinda alikuwa chini ya meza akikaza waya wa simu. Akatoa kichwa. "Rudia."

Akarudia.

"Sasa we sikia. Maharamia wanatupiga. Mimi niko kwa usukani. Unaniambia nini?"

"Inua kizuizi cha mawimbi ya nishati."

"Kabla umalize, sisi tumekuwa majivu."

"Ni Kiswahili sanifu, Mutinda."

"Basi tutazikwa kisanifu," Mutinda alisema, akarudi chini ya meza.

Ilikuwa Mei ya mwaka 1998, na hoteli waliyofanyia kazi Diani, pwani ya Kenya, ilikuwa na vitanda vingi kuliko watu wa kuvilalia. Tangu ghasia za mwaka uliotangulia wageni walikuwa wamekata safari zao, na kompyuta iliyonunuliwa ili ipokee barua za wageni kwa njia ya simu haikuwa na barua ya kupokea. Mbeyu, binti wa Msambweni mwenye diploma ya uhazili, alikuwa mtunzaji wa kompyuta hiyo. Mutinda alikuwa fundi umeme. Wazazi wake walitoka Ukambani, na ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Shimba Hills na kitovu chake kilizikwa huko, mjini Ukunda walimwita mtu wa bara.

Mmoja wa wageni wachache waliobaki ndiye aliyemfundisha Mutinda mchezo ule kabla ya kurudi kwao. Uliitwa Anga la Tisa. Haukuwa na picha hata moja, ni maandishi matupu. Wachezaji walikuwa kila pembe ya dunia, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na kila mmoja akiongoza chombo kati ya nyota. Unaandika amri, na kioo kinakuandikia yaliyokupata.

Kisha likaja tangazo. Msimamizi wa mchezo, mtu wa nchi ya mbali ambaye hawakuwahi kumwona, alisema lugha yoyote inaweza kuingizwa. Wanaoitaka watume maneno mia moja, kila neno na maelezo yake, halafu waongoze chombo kimoja kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho kwa maneno hayo tu. Wakiandika neno moja la nje, wameshindwa, na jina la lugha yao litafutwa kwenye orodha. Mbeyu aliandika siku hiyo hiyo. Kesho yake, kwenye ukurasa wa mbele wa mchezo, chini ya lugha nyingine saba, palikuwa na neno "Kiswahili" na alama ya kuuliza pembeni yake.

Alama ile ilimkaa Mbeyu kooni kama mwiba wa samaki. Alipokuwa darasa la nne aliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kamba ya katani, kwa sababu alimwomba mwenziwe maji kwa Kiswahili siku ya Kiingereza. Alikivaa mpaka jioni. Hakulia. Alihesabu tu maneno yote aliyoyajua kwa lugha yake, kimoyomoyo, na kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa alikuwa bado hajamaliza.

Siku ya mtihani ilipangwa kuwa Jumamosi ya tarehe thelathini, saa nane mchana. Hakukuwa na siku nyingine. Jumatatu hoteli ingefungwa kwa msimu wa mvua na kompyuta ingepelekwa Nairobi, makao makuu. Bwana Absalom, meneja, aliwapa laini ya simu kwa saa moja kamili.

"Saa moja," alisema. "Na nawaambia kwa upendo, Mbeyu. Kiswahili cha kuagizia chai, nakubali. Cha kurushia vyombo angani? Tuwe wakweli."

Mbeyu alimshukuru kwa adabu zote. Alipofika nje alipiga teke ndoo.

*

Aliyemwokoa na maneno marefu alikuwa Bi Kache, msimamizi wa dobi. Mbeyu alikwenda kwake kuomba karatasi za kufungia mashuka, akakuta wanawake wawili wakikunja shuka la kitanda kikubwa. Bi Kache akiita "Vuta!" wanavuta. "Kunja!" wanakunja. "Lete!" na shuka likafika mikononi mwake limenyooka kama bahasha. Hakuna aliyeuliza lolote.

"Shikamoo, Bi Kache."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjwa kuliko mashuka yangu?"

Mbeyu akaketi juu ya kapu, akamweleza habari ya vyombo na nyota na maharamia. Bi Kache alisikiza mpaka mwisho, mkono mmoja kiunoni.

"Sasa wataka neno la kujikinga usipigwe," alisema. "Si ngao?"

Mbeyu akalirudia kwa sauti ya chini. Neno lilikuwa pale siku zote, fupi, zito, limekaa kama jiwe mlangoni.

"Na injini?"

"Inafanya nini hiyo?"

"Inachoma kitu, inatoa nguvu."

"Jiko."

"Bi Kache, ni mtambo wa nyuklia!"

"Lachoma, halichomi? Basi ni jiko, nacho kinachochomwa ni kuni. Ama wataka nikudanganye?"

Jioni hiyo na jioni tatu zilizofuata, orodha iliandikwa upya. Kutazama chombo cha mbali kwa mitambo kukawa "chungulia." Hewa ya kuwaweka watu hai ikawa "pumzi." Kile chumba kidogo kati ya nje na ndani, ambamo mtu husubiri mlango wa nyuma ufungwe kabla wa mbele haujafunguliwa, Mbeyu alikipa jina mwenyewe: daka, kama ukumbi wa mlangoni katika nyumba za Waswahili wa zamani, mgeni anaposubiri kukaribishwa. Hata Mutinda alipiga makofi.

Chombo kinachokaribia kituo ni lazima kijitambulishe kwanza. Hapo hawakubishana. Wote watatu walisema "hodi" kwa pamoja. Mbeyu, ambaye hakupenda kazi ya nusunusu, aliandika maelezo yake kwa ukamilifu: hodi ni neno la kuomba ruhusa ya kuingia, huitwa mara tatu, isipojibiwa, mwenye kuita hurudi. Kwenye "karibu" aliandika kwamba hutolewa na mwenye nyumba.

"Ongeza," Bi Kache alisema. "Au jirani, mwenye nyumba akiwa hajiwezi. Nilipolala na homa mwaka wa mvua kubwa, nani aliyewakaribisha watu kwangu? Si jirani?"

Mbeyu akaongeza, akaituma orodha.

*

Jumamosi, saa nane kasoro dakika mbili, walikuwa tayari. Mbeyu alikaa kwenye kibodi, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na cheti. Mutinda alitandika ramani ya nyota aliyoichora kwa penseli. Bi Kache alifunga uzi kutoka dirishani hadi kabatini, akaubana kwa vibanio ishirini vya nguo. Kila kibanio kilikuwa fungu moja la kuni. Likiteketea, anakiondoa na kukitia mfukoni.

"Ng'oa nanga," Mutinda alisema.

Mbeyu akaandika. Kioo kikajibu, kwa Kiswahili chake mwenyewe: CHOMBO KIMENG'OA NANGA. Nywele za mikono zilimsimama.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda kama maji mferejini. "Ruka!" na chombo kikaruka kutoka nyota hadi nyota. "Chungulia kushoto!" Maharamia walipotokea, Mutinda alipaza sauti, "Ngao!" na neno likawa limeshaandikwa kabla hajafunga mdomo. Makombora yakapasuka nje. Bi Kache alikuwa akiondoa vibanio na kuwatukana maharamia kwa lugha ambayo haikuwa kwenye orodha.

Kituo cha mwisho kilitokea vibanio saba vikiwa vimebaki. Mbeyu akaandika HODI.

Kimya.

HODI.

"Labda wamelala," Bi Kache alisema.

HODI.

Hakuna kitu. Chombo kikielea, jiko likila kuni. Vibanio sita.

"Ingia tu," Mutinda alisema. "Mlango huo hapo."

Mbeyu akaandika INGIA. Kioo kikajibu: HODI TATU HAZIKUJIBIWA. MWENYE KUITA HURUDI.

Walitazamana. Mbeyu aliyasoma maneno yale mara ya pili. Msimamizi yule hakuyachukua maelezo yake kama pambo. Aliyachukua kama sheria, akaifundisha kompyuta. Katika lugha nyingine zote saba mtu angegonga mlango na kuingia. Katika Kiswahili peke yake, mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yeye.

"Ni maneno yako hayo," Mutinda alisema, si kwa ubaya.

"Najua."

"Andika ile amri ya Kiingereza. Neno moja. Tuingie, tumalize. Nani ataona?"

Vibanio vitano. Mutinda hakuwa mwovu. Alikuwa amechora ramani ile siku nne, na hakutaka ifie mlangoni. Mbeyu aliweka vidole juu ya kibodi. Herufi alizijua. Angeziandika macho yamefumbwa, na labda kweli asingeona mtu.

"Hapana," alisema. "Tukiingia kwa neno hilo, ni kama hatukufika."

"Basi tutakufa mlangoni na adabu zetu."

"Mutinda, nyamaza kidogo," Bi Kache alisema. Kisha akamgeukia Mbeyu. "Kwenu Msambweni, mtu ametoka mbali, apiga hodi, hajibiwi. Afanyaje?"

"Hurudi."

"Arudi mpaka alikotoka? Na jua hili?"

Mbeyu alirudi kwenye kibodi. Akaandika CHUNGULIA, kulia, kisha nyuma, kisha chini. Hapo chini, nje kidogo ya ramani ya Mutinda, palikuwa na kitu. CHOMBO. KIDOGO. KIMESIMAMA.

"Jirani," alisema.

Kumfikia kulikula vibanio vitatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro robo. Mbeyu akaandika HODI na kusubiri. Bi Kache alishika vile vibanio viwili vya mwisho kama anayezuia visiruke. HODI, Mbeyu aliandika tena, na kabla ya ya tatu kioo kikapata uhai.

KARIBU.

Mutinda aliruka na kugonga taa. Huko upande wa pili, Mungu ajuaye ni nchi gani, alikuwapo mtu halisi kwenye kiti halisi, na kompyuta ilikuwa ikigeuza maneno yake kwa orodha yao. KITUO? Mbeyu aliuliza. Jibu likaja kipande kipande. WATU NDANI. PUMZI KIDOGO. HAWAJIWEZI. Kisha: NINA PUMZI. NINA KUNI. JIKO LIMEKUFA.

"Maskini," Bi Kache alisema, "amekaa na dawa mlangoni kwa mgonjwa, miguu hana."

"Sisi tuna miguu," Mutinda alisema, tayari kalamu mkononi. "Akitupa kuni, tunamkokota. Mbeyu, kokota iko kwa orodha?"

"Ni ya sitini na mbili."

KUNI, TAFADHALI, aliandika. TUTAKOKOTA. Bi Kache akarudisha vibanio kwenye uzi, kimoja kimoja, vinane kwa jumla, akicheka peke yake. Wakamfunga jirani nyuma, wakageuza, wakaenda polepole, na dakika zikienda haraka. Mlangoni, Mbeyu aliandika: WEWE. KARIBU. TAFADHALI. Hakujua kama mtu yule angeelewa kwamba mwenye nyumba akiwa hajiwezi, ni jirani anayekaribisha. Hakuwa na maneno ya kumweleza. Alikuwa na mia moja tu.

Dakika nzima ilipita.

JIRANI ANASEMA: KARIBU. MLANGO UMEFUNGUKA. MKO KATIKA DAKA.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tatu. Bi Kache alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa wapishi jikoni.

*

Barua ya msimamizi ilifika Jumapili, Mutinda akiwa tayari amekunja nyaya nusu. Kiswahili kilikuwa kimekubaliwa na alama ya kuuliza imeondolewa. Msimamizi aliandika pia kwamba ile sheria ya hodi tatu ilimshangaza, na akauliza kama ilikuwa kosa aifute. Wachezaji wawili wa lugha nyingine walikuwa tayari wameomba wapewe nao. Halafu likafuata jambo lenyewe: maneno mia ni ya chombo kimoja tu. Kwa mchezo mzima yanatakiwa mia nne zaidi, kabla ya mwisho wa Agosti. Wasipokuwa na kompyuta, watume kwa posta.

Mbeyu alijibu kwamba halikuwa kosa, ibaki. Kisha akazima kompyuta mwenyewe, kwa upole, Mutinda akaitia kwenye sanduku lake.

Walibaki na meza, viti vitatu na karatasi za kufungia mashuka. Mutinda alitaka waanze na umeme. "Waya mbili zikigusana, chombo kinazimika. Andika shoti."

"Shoti si neno."

"Sisi mafundi wote, kutoka hapa mpaka Funzi, tunasema nini?"

Mbeyu alimkazia macho, akaandika shoti. Bi Kache alikuwa ameshafika kwenye vitu ishirini vya jikoni, haambiliki.

Bwana Absalom alipita na funguo za kufungia vyumba, akasimama mlangoni. Alisoma karatasi ile kinyumenyume, kichwa kimeinama upande.

"Yule anayewapokea wageni chomboni," alisema hatimaye. "Anayejua nani analala wapi, nani hali nyama, nani amegombana na nani. Mmemwitaje?"

Mutinda akaipitia orodha kwa kidole. Hawakuwa wamemwita chochote.

"Chombo chenu hakina mapokezi?" Bwana Absalom aliuliza, amekasirika kabisa. Akaweka funguo mezani, akavuta kiti. "Sogeeni."