Mwanafunzi Pekee wa Kaskazini

Chuo chetu kinaitwa Chuo cha Kaskazini, na kilikuwa Scarborough, kitongoji cha Toronto, Kanada, juu ya duka la vitambaa. Usicheke. Makao makuu yako katika mji wa kaskazini ulio mwendo wa saa kumi na mbili kwa basi, ambako vijana wamehama, wakabaki wazee na theluji. Wanafunzi hawakutaka kwenda huko, basi chuo kikawafuata Toronto, na karo zao ndizo zilizowasha taa kule. Mimi, Lourdes, mzaliwa wa Nakuru, nilikuwa karani wa usajili.

Mwaka jana serikali iliamua kuinua mikoa iliyosahauliwa. Namna yenyewe ya kuinua: tawi la Toronto lifungwe Januari, anayetaka kusoma apande kaskazini. Wanafunzi mia tatu walitafuta njia nyingine. Asad tu, kijana wa Mombasa aliyebakiza muhula mmoja wa uuguzi wa wazee, ndiye aliyefunga mabegi. Bila cheti angerudishwa kwao. Nilimpa koti la marehemu mume wangu, nikalia kituoni kama mjinga.

Siku ya tatu akapiga simu.

"Anti, darasa ni zuri. Niko peke yangu, lakini hita inafanya kazi."

"Na mwalimu?"

"Yuko kwa skrini. Mwalimu Mervyn."

Nikageuka. Mervyn alikuwa chumba cha pili, hapo hapo tawini, akizungumza na kamera. Mwalimu wa mwisho wa kule alistaafu miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyekumbuka kuiambia serikali. Tawi lilikuwa lifungwe Ijumaa.

Nilimpigia afisa wa wizara. Akanieleza, kwa upole wa mtu mwenye uhakika wa pensheni yake, kwamba mpango ulihusu majengo, si walimu. Hasira zilinipanda hadi masikioni.

Ijumaa nilirudisha funguo. Kamera niliitia kwenye kikapu changu cha sokoni, wala sijutii. Tangu Jumatatu Mervyn akawa anafundisha jikoni kwangu, mtaa wa St. James Town, na mzee wa mfano, wa kugeuzwa na kupimwa presha, nikawa mimi.

Aprili Asad alifaulu. Nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Mei wizara ikatangaza kwamba kaskazini wamefaulu asilimia mia moja ya wanafunzi, na kwa ushahidi huo matawi mengine manne ya vyuo mjini yatafungwa. Mervyn ameniuliza kama sebule yangu nayo ina nafasi.