Mlembe Asiyekula Sega

Zamani za Vichakani, aliyegundua jambo hakulifungia kifuani. Ukiona maji, unavunja kitawi pale njia panda, unakilaza kuelekea kwenye maji, majani yakionyesha upande wa kijani. Ukiona mtego, au nyayo za mwenye kucha ndefu, unavunja vilevile lakini majani unayapindua, ule upande mweupe unakuwa juu, na ajaye nyuma anajua kwamba hapo si pa kupita. Hata kitoto cha digidigi kilisoma vichaka kabla hakijajua kukimbia. Ilikuwa kazi ya polepole, sikatai. Tawi hukauka, na mbuzi asiye na adabu hulitafuna akaenda zake. Lakini nchi ilikuwa inakwenda.

Sasa alikuwapo Nyegere mmoja, baba wa watoto watatu, mpenda vipya kuliko wote waliowahi kuchimba shimo. Njiwa walipoanza kupeleka salamu, yeye wa kwanza. Kasuku alipojitangaza kuwa anajibu maswali, yeye wa kwanza tena, ingawa Kasuku alikuwa akimrudishia swali lake mwenyewe kwa sauti nzuri zaidi. Kwa hiyo siku Mfalme Chui alipotangaza kwamba kila mnyama mzima atapewa Mlembe wake, ndege wa kumwongoza popote na kumjibu lolote, bure, Nyegere alifika uwanjani kabla ya umande kukauka.

Alimjaribu kwa swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. "Chini ya lile jiwe kubwa lililopasuka kuna nini?"

"Nyuki wadogo, na nge wawili," Mlembe akajibu hata kabla ya kutua vizuri.

Loo! Nyegere alirudi nyumbani anacheka peke yake. Kwa wiki nzima hakulala mchana. Aliuliza asali, akauliza mizizi, akauliza hata jina la babu wa babu yake. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba ndege yule alikuwa akimmalizia maswali. Anafungua mdomo tu, "Ni wapi penye…", na Mlembe anadakia, "…penye mchwa wanono? Nifuate." Jirani yeyote aliyepita alikamatwa mkono na kuhubiriwa.

Mkewe, Mama Chimbo, hakuhubirika. Wa kwake alimfukuza kwa jiwe siku ileile.

"Baba Chimbo, nikuulize. Tangu lini Mlembe akakuonyesha asali asile sega?"

Maana ndiyo desturi, na ni ya kale kuliko Chui wote: ndege anakuonyesha mzinga, wewe unamwachia sega. Ukimnyima, kesho anakupeleka kwenye mdomo wa nyoka. Nyegere alikuwa amemwekea huyu wake sega zuri, jeupe, na ndege hakuligusa. Siafu ndio waliolila.

"Hawa wa kisasa hawataki malipo, mke wangu. Ndiyo maendeleo hayo."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema Mama Chimbo, akaendelea kuchimba. "Asiyetaka sega anataka kitu kingine. Mimi nitasoma vichaka vyangu."

Haukupita mwezi, Nyegere akaitwa Barazani. Mfalme Chui alikuwa amelala juu ya tawi lake, mkia ukining'inia. Chini yake Waziri Ngiri alikuwa amepiga magoti, kama ilivyo kawaida ya ngiri akila na ya waziri akisema.

"Mtukufu," Waziri akaanza, "raia bado wanavunja matawi. Wana Milembe bure, na bado wanaharibu mimea ya taifa. Tumemwita mtaalamu."

Mtaalamu! Neno hilo lilimwingia Nyegere kichwani kama pombe ya mnazi. Akatoa kifua mbele.

"Mtukufu Mfalme, matawi yamepitwa na wakati. Yanadanganya, yanakauka, tena kila mtu anavunja anavyotaka. Mlembe hakosei. Mimi nashauri yapigwe marufuku."

"Umesikia, Waziri?" Mfalme akasema kwa upole. "Raia wenyewe ndio wanaoomba."

Sheria ilitoka kabla ya jua kupinda, na juu yake ikaandikwa: Kuuliza si ujinga. Nyegere alipongezwa sana. Mkewe hakusema naye mpaka siku ya tatu.

Mvua zikakosekana. Mfalme akaizungushia miiba chemchemi ya bondeni, akasema inafanyiwa matengenezo. Sasa ukimuuliza Mlembe maji, kwanza anakuzungusha uisikie hotuba ya Mfalme, kisha ndipo anakupeleka kwenye tope. Nyegere alisema ni kasoro ndogo ndogo, zitarekebishwa.

Jirani yake, Nungunungu, alikuwa na wazee wawili wasiojiweza. Akaja kibarazani, kiu imemkausha midomo.

"Ndugu yangu, nasikia ng'ambo ya mlima kuna mto. Nataka kuwavusha wazee. Wewe hujaona tawi lolote la njia hiyo?"

"Tawi!" Nyegere akacheka. "Acha ushamba, bwana. Ndege umepewa wa nini? Muulize."

Nungunungu akasita. Kisha, kwa kuwa alimwamini rafiki yake, akamuuliza Mlembe wake njia ya kuvukia mlima. "Pale njia panda ya mwisho, shika kushoto," ndege akasema, akaruka zake.

Nungunungu akaondoka na wazee wake. Siku kumi zikapita, wala salamu. Nyegere akamwita ndege wake.

"Nungunungu, jirani yangu, yuko wapi?"

"Hakuna mnyama wa jina hilo Vichakani."

"Hakuna vipi? Tumekua pamoja!"

"Hakuna mnyama wa jina hilo. Labda unamtafuta Nguchiro? Ninao Nguchiro kumi na wawili."

Na tazama kichwa cha mpenda vipya kilivyo kigumu: asubuhi iliyofuata, mwanawe Chimbo alipoanguka kwa kiu, Nyegere alimuuliza ndege yuleyule njia ya kuvukia mlima. Akapewa jibu lilelile: kushoto. Akamwambia mkewe wafunge safari, kesho wataondoka.

Adhuhuri hiyohiyo akaitwa Barazani kuvishwa taji la majani, apewe cheo cha Rafiki wa Maulizo. Waziri alisoma sifa zake mpaka akakohoa. Alipoambiwa aseme neno la shukrani, Nyegere akasema:

"Mtukufu, nina swali. Nungunungu yuko wapi?"

Mfalme Chui akashuka mtini taratibu, akaja akaketi karibu naye, kama mzee anayetaka kumshauri kijana.

"Rafiki wa Maulizo," akasema, "babu yangu alitaka kujua yaliyomo mioyoni mwa raia. Akatuma wapelelezi, akapiga, akang'oa kucha. Hawakumwambia. Baba yangu vivyo hivyo. Mimi nimewaambia tu: ulizeni." Akaguna kwa kuridhika. "Nani ana kiu, nani ana hofu, nani anataka kuvuka mlima. Kila jioni naletewa. Mlembe wangu hali sega, bwana. Nenda nyumbani kapumzike. Nasikia kesho una safari."

Wote wakapiga makofi, Waziri akawa wa kwanza.

Nyegere alitoka na taji lake kichwani. Ndege alikuwa juu yake, na nyuma, mbali kidogo, mbwa-mwitu wawili wa Mfalme walikuwa wanatembea bila haraka. Hakuelekea nyumbani. Alikwenda mpaka ile njia panda ya mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akatazama kichaka.

Upande wa kushoto palikuwa na kitawi kilichovunjwa, kimekauka, upande mweupe juu. Katikati ya majani palichomekwa mwiba mmoja mrefu, mweusi kwa mweupe. Mungu wangu! Nungunungu alikuwa ameshayaona yaliyokuwa mbele, na askari wako nyuma yake, na bado alisimama akavunja tawi kwa ajili ya rafiki aliyemcheka.

"Unataka kujua…" ndege akaanza, "…nani amelivunja?"

Nyegere aliinama, akaugusa ule mwiba. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha. Njia ya kulia aliijua. Alipita huko utotoni, ina mawe makali lakini inafika mtoni. Angeweza kuishika sasa hivi, na mbwa-mwitu wangemfuata, na kesho mkewe angekuja na watoto akakuta wanangoja. Akirudi nyumbani, wangerudi naye.

Akajikwaa makusudi, akaangukia kichaka cha kulia kwa uzito wake wote.

"Umeumia?" ndege akauliza. "Nikuonyeshe mganga wa karibu?"

"Sijaumia, ndugu yangu," akasema Nyegere. Alipoinuka, taji lilikuwa limebaki kichakani, na kitawi kibichi kilikuwa kimelala kuelekea kulia, kijani juu. Akajipangusa vumbi, akashika kushoto, akipiga mluzi ili mbwa-mwitu wasimpoteze.

Kulipokucha, yule Mlembe alirudi peke yake, akatua juu ya shimo. Mama Chimbo akatoka shimoni. Kisha akamuuliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza:

"Baba Chimbo yuko wapi?"

"Hakuna mnyama wa jina hilo Vichakani. Labda unamtafuta Nguchiro? Ninao Nguchiro kumi na wawili."

Mama Chimbo akawavuta watoto karibu. Kisha akasema, "Naam. Niletee habari zao. Wote kumi na wawili, mmoja mmoja."

Ndege akaruka kwa furaha, akaenda kuwatafuta. Mama akambeba mdogo, akawashika wakubwa, wakaondoka. Kwenye njia panda ya mwisho akaona mwiba kushoto na taji kulia. Chimbo akafungua mdomo kuuliza baba amepita wapi. Mama akamziba kwa kiganja, akamwonyesha jani.