Pakiti ya Mwisho ya Mkuki

Kuna watu wanaopenda magari, na kuna watu wa Mkuki. Hao wa pili usiwaulize gari linakula mafuta kiasi gani. Watakueleza habari za chuma chake mpaka chai yako ipoe, na wakimaliza wataanza upya. Mkuki lilikuwa gari zito, la pembepembe, lenye mkuki mdogo wa bati mbele ya boneti, na kiwanda chake kilifunga milango miaka kumi na tano iliyopita. Ungedhani habari iliishia hapo. Wapi. Mjini walibaki wenye magari ishirini na mawili, wakaunda chama, na chama kikawa na masharti mengi kuliko mahakama.

Sharti kubwa lilikuwa moja: ndani ya Mkuki haiingii spea isiyo ya Mkuki. Mara moja kwa mwaka walikuwa na Jumamosi ya Maboneti. Magari yanapangwa mstari, maboneti yanafunguliwa, na kila mwenye gari anakuja na kopo la biskuti lililojaa pakiti tupu za spea alizofunga mwaka huo, kila pakiti na chapa yake ya mkuki. Ukikutwa na feki, mwenyekiti anashika bisibisi na kukung'olea mkuki wa boneti mbele za watu. Wanaume wazima wamelia pale uwanjani, na wake zao wakaona haya kwa niaba yao. Kwenye msiba ilikuwa hivyohivyo. Mwanachama akifa, mkuki wa gari lake unawekwa juu ya jeneza na magari yote yanamsindikiza taa zikiwaka. Wengine, mimi naamini, walikuwa wanaingoja siku hiyo kwa hamu.

Mkaguzi wa maboneti alikuwa fundi waliyemwita Orijino. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Gereji yake ilikuwa ya mabati matatu na shimo moja, na rafu nzima ya ukutani ilikuwa ya pakiti za Mkuki ambazo hazijafunguliwa, naye alizifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mkewe alishafariki. Aliishi na binti yake, fundi pia, aliyeajiriwa kwenye karakana ya mabasi ng'ambo ya barabara.

Jumanne moja asubuhi akaja rafiki yake wa miaka thelathini, mwalimu mstaafu wa hesabu, na Mkuki wake wa kijivu. Pembeni yake alikaa mkewe, amejifunga kitambaa mkononi pale wanapomchoma sindano. Mama huyo alikuwa anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na Mwalimu ndiye aliyempeleka.

"Pedali inazama, fundi," Mwalimu akasema. "Nikikanyaga inakwenda taratibu mpaka chini, kama mtu anayesinzia kanisani."

Orijino hakuhitaji kufikiri. Mipira ya ndani ya masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta mpaka magurudumuni, imelika. Kwenye rafu alikuwa na pakiti moja tu ya mipira hiyo. Akaishusha kwa mikono miwili.

Saa ya chakula binti akavuka barabara na pakiti ya bluu mkononi. Alisikia habari za pedali asubuhi, akaenda dukani kwa hiari yake.

"Baba, nimepima. Kipenyo ni kilekile. Hii ni mipya, ya mwaka huu."

"Ina mkuki?"

"Ina mpira, baba. Breki inataka mpira."

"Hiyo ni ya gari jingine."

"Na hiyo yako ina umri gani?"

"Haijawahi kufunguliwa."

"Nimeuliza umri."

Orijino akaigeuza pakiti. Mwaka ulikuwa umepigwa chapa nyuma yake: miaka kumi na tisa iliyopita. Mwalimu, ambaye hakupenda kuona baba na mtoto wakivutana, akacheka.

"Mwanangu, mimi nina sabini na moja na bado nakanyaga. Mwache baba yako. Unataka ning'olewe mkuki uzeeni?"

Binti akaiacha pakiti ya bluu juu ya benchi na kurudi kazini. Orijino akaisukumia kwenye droo ya takataka, pamoja na skrubu zilizovunjika.

Akaifungua pakiti yenye mkuki. Mke wa Mwalimu, aliyeketi kwenye kigoda karibu na shimo, akamshikia tochi. Orijino akaubonyeza mpira wa kwanza kwa kidole gumba, na mpira haukubonyea. Ulikuwa umekakamaa. Akaubonyeza tena, akaupaka mafuta ya breki, akausugua viganjani mpaka ukang'aa, akajiambia utalainika ukishakaa kazini. Nalisema hili wazi ili asije mtu akamtetea. Alijua. Kidole kilimwambia, naye akaisikiliza chapa ya mkuki badala ya kidole.

Pedali ikasimama juu, ngumu, safi. Mwalimu akazunguka mtaa mzima akipiga honi kama bwana harusi. Mkewe akaiokota pakiti tupu sakafuni, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Ya kopo," akasema. "Asije akanisumbua kuitafuta."

Ijumaa asubuhi Mwalimu alimshusha mkewe hospitali, akashuka mteremko wa kinu cha unga kwenda kumchukulia dawa. Chini ya mteremko kulikuwa na lori limeegeshwa. Waliomwona walisema alikuwa anakanyaga, anakanyaga, goti linapanda na kushuka, na gari halijali. Alikata roho palepale. Mkewe aliendelea kukaa kwenye kiti chake cha mashine saa tatu zaidi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kabla damu yake haijarudi yote mwilini.

Jumamosi mkaguzi wa magari wa polisi akamwita Orijino yadi. Alikuwa kijana mpole, amechoka, na hajawahi kufungua Mkuki maishani mwake.

"Mzee, nasikia wewe ndiye bingwa wa haya magari. Nifungulie masta nione kilichomo. Nitaandika, utasaini."

Kabla hajatoka gerejini Orijino alikuwa amefungua droo ya takataka. Bado hajaamua kitu, alijiambia. Akaitoa mipira kwenye ile pakiti ya bluu, akaitia mfuko wa shati, akaenda nayo njia nzima ikimgonga kifuani.

Akaifungua masta. Mpira wenye mkuki ulitoka vipande vipande, kama ganda la yai. Mkaguzi alikuwa amempa mgongo, anazungumza na simu kuhusu zamu yake. Orijino akavitazama vile vipande. Vikionekana, watu watasema nini? Watasema Orijino ameua kwa orijino. Magari ishirini na moja yatakuwa kichekesho, rafu yake nzima itakuwa taka, na miaka yake thelathini ya kuwadharau mafundi wengine itamrudia usoni. Na Mwalimu je? Mwalimu amekufa, akajiambia, Mwalimu haumwi tena. Sekunde ngapi zinahitajika kwa neno kama hilo? Vipande vikaingia mfukoni, mpira mpya ukapakwa mafuta machafu, ukachanwa ukingo kwa bisibisi, ukawekwa kwenye sinia.

"Huu una mkuki?" mkaguzi akauliza alipogeuka. Alishasimuliwa habari za chama.

"Hauna."

"Kwa hiyo ni feki."

"Ni wa gari jingine," Orijino akasema, akasaini. Mchana ule alivichoma vile vipande kwenye jiko la gereji, vikatoa moshi mweusi wa kunuka.

Jumapili asubuhi binti yake akafungua droo kutafuta skrubu. Akaikuta humo pakiti yake ya bluu, tupu. Akamtazama baba yake, aliyekuwa anafuta pakiti vumbi, na Orijino akaendelea kufuta ileile moja. Binti akavaa ovaroli lake akatoka bila kunywa chai.

Alasiri chama kikakutana sebuleni kwa marehemu kupanga mazishi ya kesho yake. Mjane alikuwa chumbani na ndugu zake. Mwenyekiti, mtu wa kuuza saruji, mnene na mwenye machozi ya karibu, akasoma nakala ya ripoti ya polisi kwa sauti ya chini. Alipofika pale pa mpira usio wa asili, wanaume wote wakainamisha vichwa.

"Mwalimu," mmoja akasema. "Mwalimu wa watu, alikuwa anatudanganya."

"Alimficha hata fundi wake."

"Sheria ni sheria," mwenyekiti akasema, na machozi yakamtoka kweli. "Mkuki hautawekwa juu ya jeneza. Na msafara haupo. Tutamzika kama watu, lakini si kama chama."

Hapo mlango wa chumbani ukafunguliwa. Mjane alikuwa amesikia. Alikuja na kopo la biskuti kifuani, akaliweka mezani katikati ya vikombe, akalifunua. Juu kabisa ilikuwa pakiti moja iliyokunjwa mara mbili.

"Mume wangu hajawahi kutia feki," akasema. Hakupaza sauti, hana nguvu ya kupaza. "Hii ni ya Jumanne. Shemeji, waambie. Wewe ndiye uliyefunga, mimi nilikushikia tochi."

Orijino hakuwahi kuifikiria ile pakiti. Yeye, mkaguzi wa makopo, mtu aliyewatoza wenzake pakiti kila mwaka, aliisahau. Angeweza kusema Mwalimu alibadilisha baadaye, kwa fundi mwingine. Uongo huo ulikuwa tayari kinywani, umeiva. Akamwona mama yule amesimama na mkono wake uliofungwa kitambaa, anamngoja kwa imani yote, kama mtu anayengoja shahidi wake.

"Ni kweli," akasema. "Nilifunga mpira wa Mkuki. Ulikuwa umekauka na nilijua. Ndio uliokatika. Huo usio wa Mkuki niliuweka mimi, yadi, mkaguzi alipogeuka. Mwalimu hana kosa. Nimemuua mimi, na kisha nikampaka matope."

Mwenyekiti akainuka, akamzungukia, akamkumbatia kwa nguvu.

"Ndugu yangu," akasema, analia. "Unampenda mpaka unajitwisha mzigo wake."

"Nawaambia ukweli."

"Ule mpira wa asili uko wapi?"

"Niliuchoma."

Watu wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa huruma. Mpira wa Mkuki ukatike wenyewe? Orijino ashike feki kwa mkono wake? Mambo hayo mawili hayakuwa na mahali pa kuingia vichwani mwao. Pakiti inaweza kuwamo koponi mwake na mpira usiwemo garini, mmoja akasema, hiyo ndiyo hila yenyewe. Orijino akaapa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyomsifu. Mmoja akasema yeye hajawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo. Wakanywa chai yao, wakampa mjane pole tena, wakaondoka mmoja mmoja, na nje Mikuki ikawaka kwa zamu.

Wakabaki wawili.

"Mimi nakuamini, shemeji," mjane akasema.

Kama angempiga kofi lingekuwa jepesi. Katika mji mzima mtu mmoja tu alimwamini, na ndiye ambaye Orijino asingetaka aamini.

"Ulipoubonyeza pale, mara ya kwanza na mara ya pili, nilidhani unaupima," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mwanao alikuwa ameleta mingine."

"Alikuwa ameleta."

Mjane akafunika kopo, akakikandamiza kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia.

"Basi kesho usije," akasema.

Jumatatu asubuhi Orijino alikwenda polisi. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mwenyekiti alishampigia simu kumtahadharisha kwamba mzee ana majonzi mazito, akampa maji ya kunywa. Saa nane, saa ya mazishi, alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile karibu na shimo. Alikuwa ameng'oa mkuki wa gari lake mwenyewe na kuutupa kwenye droo.

Saa kumi, mazishi yakiwa yamekwisha, honi ikalia. Mwenyekiti aliingia na Mkuki wake mwekundu, akashuka, uso umemchangamka kidogo.

"Nimeona nikuliwaze," akasema. "Na nina neno. Pedali yangu nayo imeanza kuzama. Nikapiga simu huku na huku, hebu tazama kilichopatikana."

Alikuwa na pakiti mkononi, imefungwa, chapa ya mkuki inang'aa. Orijino akaigeuza kuona nyuma. Miaka kumi na tisa.

"Sifungi," akasema. "Nenda ng'ambo kwa binti yangu, akutafutie mipya. Nakuomba. Liache gari hapa hapa, nitakupeleka nyumbani mimi."

"Bado una majonzi," mwenyekiti akasema, akampigapiga begani.

"Lina mpira uliokufa ndani. Mipira ya Mkuki yote imekufa. Nakusihi kwa jina la watoto wako."

Mwenyekiti akaichukua pakiti yake taratibu mkononi mwa mzee, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kisu. Akasema kuna fundi mwingine upande wa sokoni, si bingwa, lakini anaheshimu Mkuki. Akarudi garini. Orijino akashika mlango, mwenyekiti akambandua vidole kwa upole, kimoja kimoja, akatia gia.

Orijino akamfuata mpaka langoni. Barabara pale inashuka kidogo kabla ya kona, na watoto wa shule walikuwa wanavuka. Akasimama, akasikiliza kama gari litapunguza mwendo.